Kipande kimoja cha mbao, majibu sita

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha fizikia kidato cha tatu kwenye shule ya kata, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Wiki iliyopita tulipima msuguano wa mbao juu ya mbao. Makundi matano yalivuta kipande cha mbao juu ya ubao kwa mizani ya springi ya nyutoni 10, kila kundi na mzigo wake. Niliwaambia wagawe kani ya kuvuta kwa uzito wapate kizigeu cha msuguano. Wameleta 0.20, 0.25, 0.27, 0.29 na 0.28. Kundi la sita lilikosa mizani, likainua ubao upande mmoja mpaka kipande kikateleza, likaleta 0.36. Juu ya hapo kijana mmoja akalaza kipande kwa ubavu, kani ikapanda kutoka 1.0 mpaka 1.4, akaniambia mbele ya darasa kwamba kitabu kinadanganya kinaposema eneo la mgusano halibadilishi msuguano. Sikuwa na la kumjibu. Jibu sahihi ni lipi, na nimekosea wapi?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Umenitumia na jedwali la vipimo vyenyewe, na umefanya la maana sana, kwa sababu bila hilo ningebaki kubahatisha. Nalinakili hapa ili wasomaji wengine wafuate: uzito wa 2, kani 0.4, uzito wa 4, kani 1.0, uzito wa 6, kani 1.6, uzito wa 8, kani 2.3, uzito wa 10, kani 2.8. Yote kwa nyutoni.

Nianze na habari njema. Wanafunzi wako wamepima vizuri kuliko unavyodhani. Chukua karatasi ya grafu, uzito ulale kwenye mhimili wa chini, kani isimame kwenye mhimili wa wima, weka zile nukta tano. Utaona zimejipanga kama watu kwenye foleni ya benki. Sasa pitisha mstari ulionyooka katikati yake. Mwinamo wa mstari huo, yaani kani inavyopanda kwa kila nyutoni moja ya uzito, ndio kizigeu chenyewe, nao ni takriban 0.30. Na ukiurefusha kurudi nyuma haupiti kwenye sifuri. Unakata mhimili wa kani chini kidogo ya sifuri, kwenye hasi 0.2.

Hiyo hasi 0.2 ndiyo iliyokuvurugia darasa. Mizani yako ilikuwa inasoma pungufu kwa nyutoni 0.2 kila mara, kwa kila kundi. Kundi lililokuwa na uzito wa 2 lilitakiwa kusoma 0.6, likasoma 0.4, theluthi nzima ya kipimo imepotea, ndiyo maana likapata 0.20. Kundi lenye uzito wa 10 lilitakiwa kusoma 3.0, likasoma 2.8, upungufu ule ule lakini kwa mzigo mkubwa hauumi sana, likapata 0.28. Kosa ni moja, limejificha ndani ya majibu matano. Ukigawa unalibeba kosa na kulipeleka kwenye jibu. Ukichora mstari, kosa linabaki pembeni kwenye mhimili na mwinamo unatoka salama.

Upungufu huo umetoka wapi? Chukua mizani yako sasa hivi, ining'inize wima bila mzigo, hakikisha mshale uko kwenye sifuri. Kisha ilaze mezani. Ikiwa wima, kulabu yake na sehemu ya uzito wa springi yenyewe vinavuta chini, na mtengenezaji ameweka sifuri akihesabu mvuto huo. Ukiilaza, kulabu haivuti tena, springi inajikunja kidogo, mshale unarudi nyuma ya sifuri. Kwenye mizani nyingi za plastiki hutauona ukirudi kwa sababu unagota kwenye ukingo wa tundu lake, basi unadhani uko sifuri. Kulabu ya gramu 20 inatosha kabisa kukupa nyutoni 0.2. Mizani nyingine zina skrubu ya kurekebisha juu. Irekebishe ikiwa imelala, si ikiwa imening'inia. Kama haina skrubu, usihangaike, mstari wa grafu utakufanyia kazi hiyo.

Kwa hiyo kosa lako, kama ni lazima tuliite kosa, ni kuwaambia wagawe mapema. Hata mimi nilifundishwa hivyo na nikafundisha hivyo miaka mingi. Makundi yote matano yapewe grafu moja kubwa ubaoni, kila kundi lije kuweka nukta yake kwa chaki. Darasa linapoona nukta ya kila kundi inaangukia kwenye mstari wa wenzao, mabishano ya nani kakosea yanaisha yenyewe.

Sasa kundi la sita. Hawa wana mambo mawili, na lazima uyatenganishe.

La kwanza ni hesabu. Umeniambia ubao wao una urefu wa sentimita 100 na ulipoinuliwa sentimita 36 kipande kikaondoka. Wamegawa 36 kwa 100. Lakini 100 ni urefu wa ubao wenyewe, yaani upande ulioinama. Ukigawa kimo kwa upande ulioinama umepata saini ya pembe, na tunachotaka ni tanjenti, yaani kimo kugawa kwa urefu wa sakafuni. Kwenye mteremko, sehemu ya uzito inayovuta kipande kushuka inafuata saini, na sehemu inayokikandamiza kwenye ubao inafuata kosaini, yaani urefu wa sakafuni kugawa kwa upande ulioinama. Ukigawanya moja kwa nyingine uzito unajifuta, inabaki tanjenti. Kwa hiyo wapime kimo, kisha wapime sakafuni kutoka mguu wa ubao mpaka chini kabisa ya ile ncha iliyoinuliwa. Hapo ni sentimita 93 na kidogo. Gawa 36 kwa 93.3, unapata 0.39. Tofauti ya 0.36 na 0.39 inaonekana ndogo, lakini kwenye mteremko mkali inakuwa kubwa: kimo cha 50 kwenye ubao huo huo kinatoa 0.50 kwa njia yao, na 0.58 kwa njia sahihi.

Nakushauri uachane na kipimapembe kwa kazi hii. Kile cha kwenye mkebe ni kidogo, kukishika sawasawa chini ya ubao ni shida, na digrii mbili zikipotea jibu limeshahama. Rula mbili za mita zinatosha.

La pili ndilo la fizikia yenyewe. Baada ya kusahihisha wana 0.39, na wenzao wana 0.30. Hakuna aliyekosea. Kundi la sita limepima kani inayohitajika kukitoa kipande mahali kilipotulia. Makundi matano yamesoma mizani kipande kikiwa tayari kinatembea. Huo wa kwanza ni msuguano tuli, wa pili ni msuguano wa mwendo, na kwa mbao juu ya mbao wa kwanza huwa mkubwa. Kila mtu aliyewahi kusukuma kabati la nguo analijua hili mwilini: kazi ni kuling'oa, likishaanza unaenda nalo. Waulize wanafunzi nani amewahi kusukuma daladala iliyozima, halafu usiwaache watumie mfano huo kwenye mtihani, maana gurudumu lina habari zake nyingine.

Mchanganyiko huu wa tuli na mwendo unatokea hata ndani ya kundi moja lenye mizani. Mwanafunzi anavuta, mshale unapanda, kipande kinachomoka, mshale unaanguka, kinanasa tena, mshale unapanda. Mmoja anaandika namba ya juu, mwingine ya chini, wa tatu anachukua ya katikati kwa kukisia. Hapo huwezi kulaumu macho yao. Kipande kinashika na kuachia kwa sababu mkono haujui kwenda mwendo mmoja na springi inahifadhi mvuto na kuutoa ghafla.

Dawa yake ni ya zamani na haigharimu kitu: geuza jaribio. Piga msumari ukutani au kwenye ukingo wa meza, funga mizani hapo, unganisha na kipande cha mbao. Kipande kisimame. Kinachovutwa ni ubao ulio chini yake. Mwanafunzi mmoja anauvuta ubao polepole kutoka chini ya kipande, mwingine ameinama anasoma mizani ambayo haitembei. Mwendo wa mkono ukipanda na kushuka kidogo haidhuru, kwa sababu msuguano wa mwendo kati ya mbao na mbao haubadiliki sana kwa kasi hizi ndogo za mkono. Mshale utatetemeka kiasi, lakini utakaa mahali pamoja. Nimeona darasa la watu 60 likitumia mizani mbili tu kwa njia hii na kila mtu akasoma kwa zamu.

Walimu wengi wakiona majibu yametawanyika hukimbilia kulaumu uzi unaovuta kipande: "Hamkuvuta sambamba na meza." Ni kweli uzi unapaswa kuwa sambamba, lakini hebu tufanye hesabu kabla ya kumgombeza mtoto. Chukua kipande cha nyutoni 8, kizigeu 0.30. Uzi ukiwa sambamba unahitaji kani ya 2.4. Mwanafunzi akiuinua kwa digrii 20, mkono wake unakivuta mbele na pia unakipunguzia mkandamizo. Kani inayotakiwa inakuwa 2.3. Akigawa kwa 8 anapata 0.29. Mvuto umeinama digrii 20 nzima, kitu ambacho kila mtu darasani ataona kwa macho, na jibu limehama kwa asilimia 4 tu. Tena cha kuchekesha, akiuinua mpaka digrii 33 hivi kosa linarudi kuwa sifuri, akizidi hapo linageuka upande wa pili. Kwa hiyo uzi ulioinama si mwizi wako. Anayeburuza gunia la mahindi akiwa ameinua ncha ya mbele kidogo anajua ni rahisi zaidi kuliko kuburuza sambamba na ardhi, na hesabu inamuunga mkono.

Mahali uzi unapoharibu kweli ni kwenye ukingo wa meza. Shule zisizo na mizani hutumia kopo: uzi unatoka kwenye kipande, unapita ukingoni mwa meza, unashuka kwenye kopo linaloongezwa maji mpaka kipande kiondoke. Njia nzuri sana. Maji ya mililita 10 ni gramu 10, karibu nyutoni 0.1, na bomba la sindano lisilo na sindano linapima hivyo bila shida. Lakini uzi ukisugua kwenye mbao ya ukingo badala ya kupita kwenye kapi linalozunguka, ukingo unakula sehemu kubwa ya mvuto. Kama kizigeu cha uzi na ukingo ni 0.3, robo ya mzunguko inakulazimisha uning'inize uzito mara 1.6 ya kani inayofika kwenye kipande. Jibu lako la msuguano tuli la 0.39 linakuwa 0.62, na hakuna anayejua kwa nini. Watu wa pwani wanautumia ukweli huu kila siku: baharia anayezungusha kamba ya jahazi mara tatu kwenye nguzo ya gati anaishika ncha kwa mkono mmoja huku chombo kizima kikivuta upande wa pili. Kwa kizigeu hicho hicho cha 0.3, mizunguko mitatu inakuza mshiko wake zaidi ya mara 280. Kwa baharia ni msaada, kwa jaribio lako ni balaa. Tafuta kapi, hata gurudumu dogo la mlango wa kuteleza lililowekwa kwenye msumari laini linafaa. Na usisahau kupima uzito wa kopo lenyewe.

Nije kwa kijana wako wa ubavu, maana huyo ndiye aliyenifanya niandike jibu refu. Umpongeze kwanza, mbele ya darasa lile lile. Ameona kitu na akasema.

Halafu mpe kipande mkononi, mwambie afumbe macho, apitishe kidole upande wa bapa, kisha ubavuni. Naweka dau: upande wa bapa umepigwa randa, ubavu umekatwa kwa msumeno ukaachwa hivyo hivyo. Mafundi seremala wetu wakikata vipande vya mazoezi hawapotezi muda kupiga randa pande zote nne. Kwa hiyo alipolaza kipande ubavuni amebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, eneo na ukwaruzi, na aliyeleta 1.4 ni ukwaruzi. Kitabu hakijadanganya, ila waandishi wa vitabu wanasahau kusema kwamba sheria ile inataka nyuso ziwe za namna moja.

Jaribio la haki ni hili. Kifunge kipande chote, pande zote, kwa karatasi ya kaki ile ya kufunikia madaftari, gundi iwe ndani, mikunjo iwe kwenye ncha zisizogusa ubao. Sasa pande zote zina uso mmoja. Funga uzi chini, karibu na ubao, si juu. Ukifungwa juu, kipande kilichosimama kwa ubavu kinataka kupinduka mbele na makali yake ya mbele yanachimba. Avute bapa mara tano, avute ubavu mara tano. Ninatarajia wastani utofautiane kidogo tu, ndani ya mtawanyiko wa vipimo vyenyewe.

Na akiuliza kwa nini iwe hivyo, ana haki, kwa sababu akili ya kawaida inakataa. Hata wasomi wa Akademia ya Sayansi ya Paris walikataa mwanzoni. Mwanasayansi Mfaransa Guillaume Amontons aliwasomea matokeo yake mwaka 1699: msuguano unafuata uzito, hautegemei eneo. Suala la uzito walilikubali, la eneo likawatia shaka. Leonardo da Vinci alikuwa ameshayaona yote mawili miaka 200 kabla, akachora vipande vyake vikiwa vimelazwa na kusimamishwa, lakini yalibaki kwenye madaftari yake.

Sababu yenyewe ilieleweka vizuri karne ya 20 tu, kwa kazi ya wanasayansi Bowden na Tabor kule Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Uso wa mbao, hata wa chuma kilichong'arishwa, ukiutazama kwa karibu sana ni milima na mabonde. Ukiweka uso juu ya uso, vinavyogusana ni vilele vichache tu, sehemu ndogo mno ya eneo unalolipima kwa rula. Uzito ukiongezeka vilele vinabonyea, vinagusana zaidi, msuguano unapanda. Ukilaza kipande kwa ubavu, eneo la rula limepungua, lakini kila sentimita ya mraba imebeba uzito mkubwa zaidi, vilele vyake vimebonyea zaidi, na jumla ya mgusano wa kweli inabaki ile ile. Eneo lenye kazi ni hilo usiloliona.

Akikuelewa, mpe chokochoko nyingine: alete kandambili na katambuga. Raba haitii sheria hii vizuri. Raba inabonyea na kurudi, na kwa raba ukiongeza mzigo kizigeu huwa kinashuka. Mstari wa grafu unapinda badala ya kunyooka. Pia kwenye sakafu ya saruji kavu raba inaweza kukaribia kizigeu cha 1, kwa hiyo mteremko utakaribia digrii 45 kabla haijateleza, na kitu kirefu kitapinduka kabla. Kipande kifupi na kipana ndicho cha kutumia.

Sasa, ubao wenyewe. Hapa nitakueleza la kwangu. Miaka yangu ya mwanzo, siku moja kabla ya mtihani wa vitendo wa ndani, niliona mbao za maabara zimechakaa nikaona aibu. Nikanunua vanishi, nikazipaka zote, zikang'aa. Asubuhi vanishi ilikuwa imekauka kwa kidole lakini si kwa mzigo. Vipande vilivyokaa dakika moja vilinata, vilivyowekwa na kuvutwa papo hapo viliteleza. Wanafunzi 40, majibu 40, na mimi ndiye niliyetakiwa kuyasahihisha. Tangu siku hiyo sipaki kitu.

Lakini hata bila vanishi, muda wa kukaa una maana. Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa ambaye wanafunzi wako watakutana na jina lake tena kwenye umeme, alishinda tuzo ya Akademia mwaka 1781 kwa majaribio ya msuguano aliyoyafanya mjini Rochefort kwa sileji, yaani vibebeo vya kuburuza visivyo na magurudumu, zilizobebeshwa mizigo mizito. Aliona kwamba mbao juu ya mbao zikiachwa zimetulia, kani ya kuzing'oa inaongezeka kadiri zinavyokaa. Kundi moja likiweka kipande na kubishana dakika tano nani ashike mizani, na kundi jingine likivuta mara moja, msuguano tuli wao hautalingana. Weka kanuni: kipande kiwekwe, mtu ahesabu mpaka kumi, kivutwe. Kwa wote.

Mikono nayo. Baada ya mapumziko watoto wanarudi na mafuta ya maandazi vidoleni, wanashika uso ule ule utakaosugua. Washike kipande ubavuni tu. Vumbi la chaki lifutwe kwa kitambaa kikavu, si kilicholowa, kwa sababu mbao inakunywa maji na uso unavimba. Msimu wa masika utaona vizigeu vimehama hata usipogusa kitu. Angalia pia nyuzi za mbao: kipande kikivutwa kufuata nyuzi na kikivutwa kukata nyuzi, majibu hayafanani. Chora mshale kwa kalamu kwenye kipande na kwenye ubao, wavute kufuata mshale. Na ubao mpya uvutwe kwanza mara kumi na tano hivi bila kusoma kitu, maana mivuto ya kwanza inaondoa vinyweleo vya mbao na namba zinashuka kabla ya kutulia.

Umeuliza jibu sahihi ni lipi, na najua unataka namba ya kuandika kwenye mwongozo wa kusahihishia. Jedwali moja la kitabu litakupa 0.25 kwa mbao juu ya mbao, jingine 0.5, na yote mawili ni ya watu makini. Kizigeu si mali ya mbao kama msongamano ulivyo mali ya shaba. Ni mali ya nyuso mbili zilizokutana, zilivyochongwa, zilivyosafishwa, zilivyokaa. Amontons mwenyewe alipata karibu theluthi moja kwa chuma, shaba, risasi na mbao sawasawa, jambo linaloshangaza mpaka usome kwamba nyuso zake alikuwa amezipaka mafuta ya nguruwe. Alikuwa anapima mafuta zaidi ya metali. Kwa hiyo usisahihishe kwa jedwali. Kwa ubao wako na vipande vyako, jibu ni 0.30 kwa mwendo na 0.39 kwa tuli, na mwanafunzi aliyeandika 0.2875 umkate nusu alama kwa ajili ya tarakimu ambazo mizani yenye vigawanyo vya 0.2 haiwezi kuziona.

Kama unataka kuhakikisha kwamba sikudanganyi, lirudishe kundi la sita kwenye mteremko wao Jumatatu. Safari hii wasisubiri kipande kijiondokee. Wainue ubao kidogo kidogo, na kila kituo mmoja akisukume kipande kwa kidole kwa upole na kukiachia. Kwenye kimo cha chini kitaenda hatua moja na kusimama. Wapandishe sentimita moja, wasukume tena. Watafika mahali ambapo kikisukumwa kinaendelea kushuka taratibu bila kuongeza kasi mpaka chini. Hapo wasimame wapime kimo. Hapo tanjenti inakuwa sawa na kizigeu cha mwendo, bila mizani, bila springi, bila ile hasi 0.2. Mimi nimeshapiga hesabu kwenye grafu ya wenzao: kwa ubao wa sentimita 100, kimo kiwe karibu na sentimita 29. Usiwaambie namba hiyo. Iandike kwenye karatasi, ikunje, mpe yule kijana wa ubavu aishike mfukoni mpaka wamalize kupima.